Nani Alituhamishia Tunduma

Ua la kahawa linanukia siku tatu, nne zikizidi sana, halafu linakauka. Mwaka ule nilikuwa darasa la tano. Mvua ya kwanza iliponyesha kule milimani juu ya Nanyala, miti sitini ya mama ilichanua yote kwa asubuhi moja, harufu ikaingia mpaka kanisani, watu wakawa wanaimba huku wanageuza shingo. Baba yangu alikuwa mchungaji. Nyumba yetu ilikuwa ya kanisa, shamba la kanisa, hata sufuria kubwa ilikuwa ya kanisa, lakini ile miti ilikuwa ya mama. Aliipanda mwenyewe, akaimwagilia kwa ndoo kiangazi baada ya kiangazi, na alishaniambia waziwazi kwamba mavuno ya kwanza ndiyo yatanipeleka sekondari. Kwa hiyo mimi nikinusa yale maua nilikuwa nanusa sare.

Baba hakuipenda ile miti tangu mwanzo. Kuna desturi ambayo haijaandikwa popote lakini kila familia ya mchungaji kwetu inaijua: mtumishi hapandi mti. Analima mahindi, maharage, viazi, vitu vya msimu mmoja, maana barua ya uhamisho inakuja wakati wowote na mti haubebeki. Mama alijibu kwamba tumeshakaa miaka minne, na Mungu hawezi kumwangalia mtu akimwagilia muda wote huo halafu amwondoe kabla ya kuvuna. Mimi nilikuwa upande wa mama. Niliona ni hoja nzuri.

Barua ilikuja mwezi wa pili, kahawa ikiwa bado kijani, ngumu kama kokoto. Tuwe Tunduma kabla ya Pasaka. Kuvuna ni mwezi wa sita. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa sebuleni kwetu, na baba alipomaliza kusoma aliikunja barua akasema tuombe. Akamshukuru Mungu anayewaongoza watu wake kwa njia wasiyoijua. Mimi sikufumba macho. Niliwapitia mmoja mmoja, nikaona Mzee Nzowa, kiongozi wa wazee na jirani yetu, akisema amina kabla baba hajamaliza. Mama hakuisema kabisa.

Dalili ya mvua ni mawingu. Huyo Mzee Nzowa alikuwa na tabia ya kuzunguka nyuma ya nyumba yetu kila Jumapili, anashika tawi, anapindua jani kutafuta ugonjwa wa kutu, anasifu. Nikajumlisha: sisi tunaondoka, miti inabaki, yeye yuko hatua ishirini tu. Siku ya kuagwa alituletea jogoo. Nilikataa hata mchuzi wake. Alipokuwa anatoka nilimfuata mpaka njiani na, bila kumwamkia, nikamuuliza kama ametufukuza ili avune kahawa ya mama. Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Wewe mtoto wa mchungaji una mdomo," alisema. "Muulize baba yako mwezi wa kumi na mbili alifuata nini Mbeya."

Mbeya ndiko iliko ofisi kuu ya kanisa, lakini baba alituambia alikwenda kutengeneza miwani. Na alirudi na miwani ile ile, mkono mmoja umefungwa uzi vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nimeandika methali hiyo shuleni mara nyingi bila kujua inauma.

Tunduma sikuipenda. Kulikuwa na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, vumbi, honi, wabadilisha fedha wanaosalimia watu kwa Kibemba cha ng'ambo kana kwamba wote ni ndugu zao. Alfajiri adhana ilisikika upande mmoja, mapambio upande mwingine. Nyumba tuliyopewa haikuwa na udongo wa kupanda hata punje ya haragwe. Mama aliweka jembe darini, akaanza kukaanga vitumbua mlangoni, na akawa haongei sana. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kumchunguza baba. Alipohubiri kwamba tumtegemee Bwana maisha yanapogeuka ghafla, nilikuwa namwangalia mdomo. Wiki ya sita nikashindwa kuvumilia. Mama alikuwa sokoni, baba yuko uani anafua kola yake.

"Baba, aliyetuhamisha ni Mungu au ni wewe?"

Akaikamua kola, akaianika kambani.

"Niliomba mimi," alisema.

Akanieleza, taratibu, kwamba pale mimbarani dirisha linatazama ile kahawa. Alikuwa anahubiri huku anaangalia matawi gani yamezaa. Mama naye alishaanza kukosa ibada kwa sababu ya palizi. Akaogopa kwamba miaka miwili mingine angekuwa mkulima anayehubiri. Nikamwambia basi ni yeye, siyo Mungu, na kwa nini alitufanya tushukuru.

"Mimi niliomba Isongole," alisema. "Kijijini, kimya, mama yako apate pa kulima. Wakanipa hapa. Sasa hapo katikati, mwanangu, ndipo sijui ni nani."

Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu aliyebanwa. Akakubali kwamba kweli amebanwa. Akaniomba nisimwambie mama, atamwambia mwenyewe.

Siku hizi watu wa kanisa wanapenda nitoe ushuhuda wa habari hii, na wanajua wapi wanataka niishie: shule ya kata ilijengwa karibu na kwetu, nilisoma kwa kutembea dakika kumi, sare ilitoka kwenye vitumbua, eti unaona, Bwana alijua. Sipendi kuishia hapo. Kahawa ya mama aliivuna mke wa mchungaji aliyetufuata, wala hakuimwagilia hata siku moja. Sasa mimi mwenyewe nasubiri kupangiwa kituo cha ualimu, na kila ninayekutana naye ananiambia nimwachie Mungu. Namwachia. Naamini anaongoza, siandiki hivi kwa kumkana. Ila sijawahi kuona akiongoza bila kupitia mkono wa mtu, na mkono wa mtu nauangalia.

Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua mchele, mama na mimi, nikamuuliza kama alishamsamehe Mungu kwa ile miti. Ya uani sikuwahi kumwambia, na sijui kama baba alimwambia. Alipuliza makapi kwenye ungo, hakuinua uso.

"Mungu nilimsamehe mwaka ule ule," alisema. "Baba yako ndiye bado namalizia."