Redio Iliyosikia Ikakataa Kusema

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikishika waya naikumbuka. Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana baharini kwetu, na Palma yetu ya kaskazini mwa Msumbiji ikaanza kujaa magari ya wageni yenye antena ndefu. Mimi nilikuwa kijana, natengeneza redio za kaseti barazani kwa mjomba, na watu wakiniita fundi. Jina tamu hilo. Lakini ukiitwa fundi mapema, unaanza kuona haya kuuliza.

Bwana Momade, tajiri wa mji wetu aliyekuwa akikodisha magari, alinunua redio ya kuongea, ile yenye kipaza sauti cha kushika mkononi, ili dereva wake aweze kuita akiwa njiani, maana kati ya Palma na Mocímboa simu zilikuwa zikipotea. Akanikabidhi niifunge kwenye pikapu. Sikuwahi kufunga redio ya namna ile hata siku moja. Nikamwambia, "Kazi ndogo hiyo, Bwana."

Nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, zilikuwa nene lakini fupi, hazikufika kwenye betri. Badala ya kutafuta nene nyingine, nikaziunga na waya mwembamba wa spika, nikachukua umeme pale karibu, kwenye tundu la kuwashia sigara. Nikawasha. Sauti za watu zikaingia, mmoja anasema Kireno, mwingine Kimakonde, na watu wakasongamana dirishani wakicheka. Bwana Momade akabonyeza kitufe aseme. Kimya. Redio ilizimika.

Nikatazama fyuzi, kile kidude kinachokatika ili waya usiungue. Imekatika. Nikaweka nyingine, redio ikasikia vizuri kabisa. Tukabonyeza tuseme, ikakatika tena.

Hapo nafsi yangu iliniuliza swali zuri: mbona inasikia lakini haisemi? Nililitaka sana jibu lake. Tena nyuma ya soko alikuwapo Mestre Anselmo, mzee wa Kimakonde aliyeshuka kutoka Mueda, fundi umeme wa magari. Mestre ndivyo tunavyomwita fundi mkubwa. Ni hatua chache tu. Lakini watu walikuwa wakinitazama. Nikachukua uzi wa shaba, nikauzungusha mahali pa fyuzi. Redio ikasema, ikikoroma kidogo, na watu wakashangilia.

Kesho yake dereva Bakari alitoka kwenda Mocímboa, amempakia mkewe mwenye mimba kubwa ampeleke kwa mama yake. Walipopita Olumbi gari lilikwama mchangani. Bakari akaita kwa redio, akaita sana. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, kisha moto. Alimtoa mkewe kwanza, akarudi akaumwagia moto mchanga, na ule waya uliokuwa ukiwaka akaung'oa kwa mkono mtupu. Mke alisalimika. Kiganja cha Bakari kiliungua.

Gari lilipovutwa hadi Palma, Bwana Momade hakutaka maelezo. Bakari alikuwa mvuta sigara, basi ikasemwa ni sigara yake. "Kuanzia leo gari langu huligusi," akamwambia mbele za watu.

"Wallahi sikuwasha sigara," alisema Bakari, mkono umefungwa kitambaa. "Mke wangu huyu hapa, muulizeni."

Nami nilikuwa palepale, nikarudi hatua moja nyuma ya watu.

Akaitwa Mestre Anselmo aangalie. Alilala chali chini ya dashibodi muda mrefu, akatoka na kile kiuzi cha shaba kati ya vidole. Hakukasirika. Alikitazama kama mtu aliyeokota kombe geni pwani. "Hebu," alisema, "nani aliyeweka hiki? Nataka kujua alikuwa akiwaza nini."

Lau angetukana, ningenyamaza. Swali lile lilinifungua. "Ni mimi, Mestre. Sikujua kwa nini haisemi."

"Hukujua, na hukuuliza?"

"Niliona haya."

Bwana Momade alinitukana tusi ambalo sitakwambia. Mestre akangoja amalize, kisha akasema, "Kutojua si kosa, kila mtu anako. Lakini fyuzi ilikwambia mara mbili, nawe ukaiondoa. Mbwa akibweka, mwenye nyumba hamuui mbwa. Huamka akatazama."

Nikamwendea Bakari, nikapiga magoti. Aliutazama mkono wake, akautazama wangu, mzima. "Ungesema mapema," alisema, "nisingeitwa mwongo mbele ya mke wangu." Alirudishiwa gari, lakini salamu yake kwangu ilichukua miezi kurudi. Sikumlaumu.

Siku iliyofuata Mestre aliniita karakana. Alikuwa na betri, redio yenyewe, kipande cha ule waya wangu mwembamba, na kipimo cha umeme chenye mshale. "Bonyeza," akasema. Kwenye betri mshale ulitikisika kidogo tu. Akahamishia kipimo mwisho wa waya. Nikabonyeza, mshale ukaanguka. "Inaposikia inakula kidogo," alisema. "Inaposema inakula mara nyingi zaidi. Waya huu ni njia ya mbuzi, nawe ulitaka kupitisha lori; fyuzi ilipoondoka, ukaungua." Nilibonyeza na kuachia, nikabonyeza na kuachia, nikicheka peke yangu kama mwehu. Jibu lilikuwa tamu kuliko lile jina la fundi.

Tukaifunga upya: nyaya nene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ya kipimo chake karibu kabisa na betri, na kila waya unapopita kwenye tundu la bati tukauvika mpira, bati lisiukate.

Basi mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Kitu kikikataa usikilazimishe, kichunguze kwanza, kisha umwendee anayekijua, hata kama mji mzima unakutazama. Na kosa lako likimwangukia mwingine, lichukue upesi, kwa maana aibu yako ni ya saa moja, na jina la mtu likichafuka halifuliki kwa sabuni.

Mola akupe hamu ya kujua isiyokauka, akupe na ulimi mwepesi wa kusema "sijui". Akulindie mikono yako, na kila atakayepanda gari uliloligusa wewe, amfikishe kwao salama. Amina.