Nyumba ya Bertrams na Sheria za Nchi Tatu

Nyumba ya Bi Hansa iko Bertrams, Johannesburg, karibu na uwanja wa Ellis Park, lakini kwa miezi mitatu baada ya mumewe kufariki ilitawaliwa na sheria za India, za Zanzibar na za Kongo. Afrika Kusini, ambamo nyumba yenyewe imesimama, haikuulizwa.

Sheria ya India aliileta Hemant, mwanawe wa kwanza, ndani ya faili la bluu. Hemant ni mhasibu, anakaa Sandton, na India amefika mara moja, siku nane, sita kati ya hizo akiwa mgonjwa wa tumbo. Hata hivyo alisoma kwenye intaneti habari za mirathi ya Kihindu, akarudi Bertrams mtu mwingine. Aliketi kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akamweleza mama yake kwamba mali ya familia ya Kihindu haina mwenyewe mmoja. Ni ya ukoo, na ukoo una mkuu wake, na mkuu ni mwanamume mkubwa aliyebaki hai. Bi Hansa akatazama huku na huku sebuleni. Mwanamume aliyebaki hai alikuwa mmoja tu.

Mkuu alikuwa ameshaamua. Nyumba itauzwa kwa kampuni inayojenga mabweni ya wanafunzi, na Ba, maana ndivyo Wagujarati wamwitavyo mama, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee Lenasia, akapate hewa safi. Bi Hansa aliijua hewa ya Lenasia, kitongoji walikotengewa Wahindi zamani. Alikuwa amehama huko na mumewe Ratilal miaka thelathini iliyopita, mara tu sheria ilipowaruhusu Wahindi kununua nyumba Bertrams, na siku ile ya kuhama Ratilal alicheka mpaka kwenye robot ya mwisho, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Ilikuwa mara ya pili kumwona akicheka. Ya kwanza alicheka mzaha ambao yeye hakuuelewa.

Nilam, binti yake, mwalimu huko Benoni, naye aliisoma sheria ile ile. Akapiga simu kusema kwamba India yenyewe imeibadilisha zamani, na mabinti wana fungu sawa na kaka zao. Hemant alijibu kwamba wino wa printa uliisha kabla ya kufika ukurasa huo.

Bi Hansa alizaliwa Tanga, akaja Johannesburg akiwa na miaka ishirini kuolewa na mtu aliyemjua kwa picha, picha iliyopigwa wakati mtu huyo angali ana nywele. Kigujarati ni lugha anayosemea na Mungu. Kiingereza ni cha manispaa. Kiswahili ni cha kusema ukweli, kwa kuwa mumewe na wanawe hawakijui, na kwa kuwa ukimweleza jirani Mgujarati jambo la nyumbani asubuhi, hekaluni wanalo kabla ya mchana. Kwa hiyo shida yake aliipeleka kwa watu wawili waliokuwa wateja wa Ratilal alipokuwa akiuza zipu na vifungo Jeppestown, kwenye duka la kupanga ambalo lilikufa pamoja naye. Wote wawili walikuja kumpa pole, na wote wawili, kwa bahati mbaya, walijua sheria.

Pandu wa Zanzibar, muuza madela, alitanguliza vidole, akihesabu mafungu.

"Mke mwenye watoto ana thumuni yake, Bi Hansa, fungu moja kati ya nane. Hiyo hakuna wa kukunyang'anya."

"Thumuni ya nyumba hii ni ipi, Bwana Pandu?"

Pandu aliizungushia macho nyumba kwa haki kabisa. "Jikoni," akasema. "Na kipande cha korido."

Bi Hansa alimkumbusha kwamba yeye si Mwislamu. Pandu akasema hilo ni jambo dogo, linaweza kurekebishwa hata leo, na kwamba yeye binafsi amekuwa akilisubiri kwa miaka.

Damien, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, hakukubali mjane kukatiwa jikoni. "Hapana, Maman. Kwetu sheria inasema mjane anabaki mu nyumba mpaka kufa. Imeandikwa kwa Kifaransa."

Pandu alitaka kujua kama sheria hiyo imewahi kuonekana nje ya kitabu. Damien alifikiri kwa unyofu. Alikiri kwamba shangazi yake mwenyewe alifukuzwa na mashemeji zake sufuria ikiwa bado motoni, lakini hilo halikuwa kosa la sheria. Mashemeji hawakuwa wameisoma. Walibishana mpaka chai ikapoa, Zanzibar na Kongo, juu ya nyumba ya Mhindu, huku mwenye shida akiwaongezea maandazi. Walipoondoka kila mmoja alimwambia pembeni asimsikilize mwenzake.

Alichowaficha wote wawili ni neno ambalo Hemant alilisema mara ya mwisho, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Kwamba mama yake na Papa walifunga ndoa kwa kuuzunguka moto mara nne tu. Cheti cha serikali hakuna. Kwa hiyo kisheria, Ba, sijui hata kama tunaweza kusema ulikuwa mke. Hemant hakusimama kufikiri hoja hiyo ilimfanya yeye kuwa mtoto wa nani. Ila neno hilo lilimtia Bi Hansa baridi. Thumuni ni kidogo, lakini ni ya mke. Asiye mke hukaa Lenasia.

Asubuhi ya Jumatatu alivaa sari nyeupe, akabeba faili la bluu alilolisahau mkuu wa ukoo, akaenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria mjini. Alipokelewa na mwanasheria aitwaye Nokwazi, msichana mdogo kwa umri kuliko friji ya Bi Hansa. Nokwazi aliuliza mambo mawili. Nyumba iko wapi? Bertrams. Marehemu alikuwa akiishi wapi? Bertrams. Basi akaifunga India kwa adabu, akaisukuma kando ya meza.

Juu ya moto hakushangaa hata kidogo. Alimweleza kwamba mahakama za nchi hii zilishaamua: mjane aliyeolewa kwa ndoa ya Kihindu hurithi kama mke, cheti kiwepo kisiwepo, mradi apatikane mtu wa kuapa kwamba ndoa ilikuwepo. Bi Hansa alisema waliohudhuria walikuwa mia nne, na wengi wao bado wanalalamikia chakula.

Kisha akatoa kwenye faili lile lile wosia wa Ratilal, ambao mkuu wa ukoo aliuweka wa akiba. Ulikuwa ukurasa mmoja, mwandiko wa Ratilal mwenyewe: nyumba namwachia mwanangu wa kwanza Hemant, kama ilivyo desturi, naye atamtunza mama yake. Bi Hansa aliuweka mezani kama mtu anayesalimisha kisu. Nokwazi aliusoma, akashuka chini kwenye sahihi za mashahidi, akaweka kidole hapo.

"Mama, hawa wawili ni akina nani?"

Ilibidi aeleze. Siku Ratilal alipoandika wosia, Pandu na Damien walikuwepo hapo dukani, mmoja anachagua zipu, mwingine anasubiri chenji, na Ratilal akawaomba watie sahihi. Hemant akawazuia. Hakuwa mkali, aliona tu kwamba haipendezi, karatasi ya heshima kama ile kuwa na jina la muuza madela na la fundi Mkongo. Watoto wao wangesema nini kesho? Akachukua kalamu, akatia sahihi yake, kubwa, yenye mkia, akamwita mkewe Priti kutoka kwenye gari, naye akatia yake. Ratilal alifurahi. Alisema sasa karatasi yote ni ya nyumbani.

Nokwazi aliweka kalamu chini. Alieleza polepole, akarudia, maana alipomaliza mara ya kwanza Bi Hansa alikuwa bado anasubiri habari mbaya. Katika nchi hii aliyeshuhudia wosia hapati faida ya wosia huo, wala mwenzi wake. Mtoto wa marehemu hanyimwi kabisa, lakini hawezi kupata zaidi ya fungu ambalo angepata kama wosia usingekuwepo. Na kama usingekuwepo, nyumba ingegawanywa kwa tatu: mjane, binti, mwana.

Bi Hansa alihesabu kwa vidole, kama Pandu. Kisha akauliza swali moja, kwa sababu Hemant alimzaa mwenyewe. "Akisema ile si sahihi yake?"

Nokwazi alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile. "Basi wosia hauna mashahidi, Mama. Na usio na mashahidi si wosia. Theluthi tena."

Jumapili Hemant alikuja na vipeperushi vya nyumba ya wazee, vyenye picha za bustani. Mama yake alimweleza yote kwa Kigujarati, bila kupandisha sauti, huku akikanda unga. Hemant alisikiliza kama wahasibu wanavyosikiliza, akitafuta kosa kwenye jumla. Akaomba nakala ya wosia. Akaiinua dirishani, akaigeuza.

"Hii si sahihi yangu, Ba," akasema.

"Nimeuliza na hilo pia."

Alimweleza. Hemant aliketi, safari hii kwenye kiti cha wageni, kilicho karibu na mlango. Alijaribu njia nyingine tatu na zote zilimrudisha kwenye theluthi. Hatimaye alimuuliza mama yake, yeye na Nilam wanataka nini.

"Nilam hataki kuuza," Bi Hansa alisema. "Mimi nataka kukaa nyumbani kwangu. Ukija, kuna chai."

Hemant alitoka nje hadi kibarazani kumpigia simu mtu wa mabweni, ambaye alikuwa aje keshoye kupima kiwanja. Alirudisha mlango, lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Kiingereza cha Hemant husikika mbali. Alisema wasije. Alisema kwamba kumejitokeza tatizo la kisheria, kwamba kuna mmiliki mwingine ambaye hakutajwa mwanzo, na hapana, si mtu wa kuzungumza naye kwa simu.

Tatizo la kisheria lilikuwa jikoni, linachuja chai.