Hesabu kwa Pumzi Moja

Mume wangu Tarsis hakumuua mtoto wa Mansukhlal. Nimesoma kwa masista, nimefundisha watoto kusoma, na kwa kuwa Kariakoo wamesema vya kutosha, sasa nami naandika.

Tarsis alitoka Kibosho akawa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 alikabidhiwa mashine ya kupumulia. Lilikuwa pipa kubwa la chuma; mgonjwa hulala ndani, kichwa tu nje, na mota huvuta hewa ya ndani na kuirudisha, kifua kikipanda na kushuka. Ndani alilala Bharti, miaka kumi na miwili, aliyepoozwa na polio. Baba yake, Mansukhlal, aliuza vitambaa mtaa wa pili kutoka kwetu.

Swali lilikuwa moja: siku gani atolewe, asife. Tarsis alikuwa na njia yake. Alisimamisha mashine kidogo, akamwambia mtoto avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti, akifuata kidole kilichogonga chuma taratibu, sawa na mshale wa sekunde. Vidole vya mkono wa pili aliviweka shingoni mwa mtoto. Shingo ikikaza, alisema, ujue inakisaidia kifua kazi.

"Kumi na moja," alimwambia siku moja. "Na shingo imekaza tangu saba. Bado."

"Dresa, wewe mwoga kuliko kuku!"

"Kuku huyu huyu atakula pilau kwenye harusi yako, binti."

Daktari, Mwingereza, aliipenda njia hiyo. Akaandika kwenye faili: akifika ishirini, atolewe. Habari za kidole na shingo hakuziandika.

Sikukuu ya Diwali ilikaribia, na Mansukhlal alimtaka binti yake nyumbani. Kila alipokuja kumtazama alimfundisha kuhesabu kama yeye anavyohesabu yadi dukani, namba zikikimbizana. Asubuhi moja, mbele ya daktari, Bharti alifika ishirini na mbili.

"Umeona?" Mansukhlal alipiga makofi.

"Amekimbiza, Daktari," Tarsis alisema. "Huo ni wepesi wa ulimi, kifua bado. Ahesabu tena kwa kidole changu."

"Kipimo ni chako mwenyewe, Tarsis. Sasa unakikataa?"

Wakamtoa. Saa nane mchana alikuwa kitandani anacheka na baba yake. Saa kumi mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba. Tarsis hakungoja ruhusa. Alimbeba kumrudisha kwenye mashine. Mtoto alikata roho kabla pipa halijafungwa.

Ripoti ilisema mgonjwa alitolewa kwa kufuata kipimo cha dresa. Tarsis akaachishwa kazi, akaishia kupanga mikungu ya ndizi kwenye ghala la sokoni. Mimi, mke wake, nilikwenda bombani kama kawaida, kichwa juu.

"Mama Severa," jirani yangu Kuruthumu aliniuliza mbele ya foleni nzima, "leo baba watoto kamhesabia nani?"

Walicheka. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Nilimsihi Tarsis ajitetee. "Mansukhlal kafiwa na mtoto," alinijibu. "Nimwongezee na hilo?" Miaka mitatu baadaye alikufa, na jina lake likiwa limechafuka hivyo hivyo.

Siku ya tatu ya matanga Mansukhlal alikuja na pakiti ya sukari. Alipita uani, akasimama mlangoni pa jiko, nilipokuwa peke yangu.

"Pole, Mama Severa." Alinong'ona. "Mimi ndiye niliyemfundisha kukimbiza. Bwana Tarsis alisema bado. Nilimsikia."

"Ahsante. Sasa twende barazani ukaseme hivyo hivyo. Watu wote wapo, na Kuruthumu yupo."

Alitazama upande wa baraza. Sauti za waombolezaji zilisikika.

"Mama yake Bharti hajui," alisema.

"Wanangu nao hawajui baba yao alikuwa nani."

Aliweka sukari kizingitini, akatoka alikoingilia.

Matanga yalipokwisha niliibeba ile sukari, haijafunguliwa, hadi dukani kwake. Alikuwa anampimia mteja kitambaa. Niliiweka mezani, juu ya fimbo yake ya yadi, nikasimama hadi akapoteza hesabu.