Esansi ya Mama

Kila asubuhi nililipita gari letu uani, nikalitupia jicho, halafu nikaenda kazini kwa miguu. Gari lilikuwa zima. Matairi yalikuwa na upepo, betri haikuwa na neno, na ndani ya tangi kulikuwa na robo nzima ya petroli, ambayo sisi huku Bujumbura tunaiita esansi. Majirani zetu pale Ruziba walikuwa na magari makavu kabisa, wengine wameshaanza kuyaanikia nguo, na mimi mwenye esansi ndiye niliyekuwa nakanyaga matope. Asiyejua mambo yetu angesema nimepagawa. Lakini esansi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa akiuza ndizi na mafuta ya mawese mbele ya mlango. Mama alikuwa na pumu ya siku nyingi, tangu tulipokuwa Uvira, kabla hatujavuka mpaka kuja huku. Pumu hiyo ilikuwa na tabia zake kama mtu. Mchana ilimwachia agombane na kuku na kuchambua mboga zake za lengalenga, usiku ndipo ilipomshika. Ikimshika kidogo, dawa ya kuvuta ilitosha. Ikimshika vibaya, hata muuguzi wa dispensari yetu alikuwa anatikisa kichwa tu. Mama alitaka oksijeni, na oksijeni iko hospitali kubwa kule Kamenge, ng'ambo ya pili kabisa ya mji. Mara ya mwisho nilimkimbiza mwenyewe kwa gari, nikipita kwenye mashimo bila kuyahurumia. Daktari alinitazama akaniambia, tena kwa upole, kwamba kidogo tu tungechelewa.

Wiki ile ile tuliyotoka naye hospitali esansi ikaadimika mjini. Magari yalipanga foleni yakalala vituoni na wenyewe wakalala ndani yake. Sisi tulikuwa na ile robo. Tukakaa mezani, na mama ndiye aliyetoa hukumu.

"Iyi esansi iko ya pumuzi yangu," akasema. "Mutu asiiguse. We utaenda kazi na miguu, Mungu amekupa mbili."

Mama alikuwa hivyo. Anakukata na kukuchekesha kwa neno moja.

Nilikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi huko mtaa wa Asiatique. Kutoka Ruziba kwa gari ilikuwa safari ya kusikiliza redio kidogo na kufika. Sasa nilitafuta namna nyingine zote. Nilijaribu basi: nikasimama kwenye foleni mpaka jua likanipanda kichwani, na basi lilipotokea foleni ikavunjika, waliojaaliwa mabega wakaingia, mimi nikabaki na mkoba wangu kifuani. Nilijaribu lifti ya mwenzangu wa kazini anayekaa Kinindo. Siku chache tu, naye akakaukiwa, tukawa tunatembea wawili na kulalamika wawili. Nilijaribu baisikeli za abiria, ambazo pamoja na pikipiki haziruhusiwi kuingia katikati ya mji, zinakomea daraja la mto Muha. Mwendeshaji wa kwanza aliniangalia kuanzia juu hadi chini, hasa chini.

"Mama, we uko abiria wawili," akaniambia, na wenzake wakaangua kicheko.

"Na we uko nusu ya dereva!" nikamjibu. Nikaondoka kwa hasira zangu nikatembea njia yote, na nilipofika nyumbani miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba za kandambili zimeingia nyamani. Nilijuta kukasirika. Kesho yake nilimpanda yule yule, na tukawa marafiki wa matusi.

Siku nyingi lakini ilikuwa miguu tu. Jioni barabara ya Rumonge ilijaa watu kama wanatoka kanisani, makarani wenye tai, walimu, kina mama wamevua viatu vya ofisini wamevitia mfukoni. Mwanzoni tulikuwa tunataniana njiani. Baadaye hata utani uliisha. Ulisikia tu kandambili na kukohoa. Tulipita mbele ya kituo cha mafuta, tukayaangalia magari yaliyolala pale chini ya vumbi, tukaendelea kutembea.

Nilifikiria kuhamia kwa shangazi yangu Mutanga Nord, siku za kazi tu. Kutoka kwake mtu anateremka taratibu mpaka Asiatique, hata jasho halimtoki. Nilimweleza mama nikiwa nimeshakunja nguo mbili tatu.

"Sawa," akasema. "Na usiku nikishikwa, nani ataniendesha? Shangazi yako?"

Nikazikunjua nguo zangu. Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekuwa dereva pekee wa nyumba ile, na ugonjwa ulikuwa wa usiku. Ndiyo maana mpango wetu tuliuona hauna tobo. Mchana naenda kazini, mama yuko salama. Usiku niko nyumbani, gari lina esansi, mama yuko salama. Nilikuwa najilaza na miguu yangu inayowaka nikijiambia, haidhuru, bora roho yake.

Mdogo wangu aliwahi kusema neno. Tulikuwa tunakula, akaacha kijiko akaniangalia.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "unifundishe kuendesha."

"Na esansi gani?" nikamrukia. "Unataka kujifunzia na pumuzi ya mama?"

Mama alicheka mpaka tukaogopa kifua chake. "Huyu? Huyu atanipeleka mu ziwa, nitibiwe na viboko!"

Mdogo wangu naye akacheka, akaokota kijiko chake. Sikumwona ameumia. Labda hakuumia. Lakini hakurudia tena kuomba.

Halafu kuna habari ya ufunguo. Mtaa mzima ulijua tuna esansi, na watu walikuja. Walikuja kwa heshima, na chupa zimefichwa ndani ya kitenge: nusu lita tu ya pikipiki, kidogo tu ya jenereta, tutarudisha. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuwafukuza, lakini mimi sikuwapo mchana. Mdogo wangu hajui kusema apana. Siku moja jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva wa teksi, mtu mwema sana, alimwomba kidogo ya pikipiki ya mkwewe, naye akampa ufunguo wa kufungulia tangi, maana tangi letu linafungwa kwa ufunguo ule ule wa kuwashia gari. Haikutoka nyingi. Lakini mama alisikia harufu kutoka chumbani kwake. Wee! Siku hiyo nyumba ilitikisika. Yule mzee mwenyewe alikuja kuomba radhi na kuku mkononi, mama akampokea kuku na kumnyima mkono.

Jioni akaniita. "Ufunguo utembee na we. Uende kazi na we, urudi na we. Hapa pamejaa watu wa huruma."

Basi ufunguo nikautia kwenye mkoba, kwenye kimfuko cha ndani chenye zipu, na ukawa unakwenda Asiatique na kurudi kila siku kama mfanyakazi mwenzangu. Nilikuwa nausikia ukigonga kitu ndani ya mkoba nikitembea, pengine kitana. Niliupenda mlio huo, kusema kweli. Ulinipa moyo.

Kitu kimoja tu hatukukiona, sisi watatu na akili zetu zote. Enzi za gari nilikuwa nyumbani kabla giza halijaingia. Kwa miguu nilianza kufika giza linaingia. Halafu, miguu ilivyochoka na mvua zilivyoanza, nikawa nafika mama ameshakula, ameshasali, amekaa kwenye kigoda mlangoni ananingoja na shali mabegani. Tulikuwa tumeuhifadhi usiku kwa ajili ya mama, na mimi usiku ulikuwa unanikuta njiani.

Siku ile mvua ilinyesha mchana, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Duka lilipofungwa nilisubiri chini ya baraza ipungue, nikasubiri tena, mwisho nikavua viatu nikaingia barabarani. Nilikuwa nimefika daraja la Muha, giza linaanza kushika, simu ikalia. Mdogo wangu.

"Yaya, mama ameshikwa."

"Ameshikwa sasa hivi? Ameshikwa vipi, usiku haujafika?" Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe, kana kwamba ugonjwa umekosea saa.

"Ameshikwa vibaya. Muuguzi amekuja, anasema tumupeleke Kamenge. Kwa baisikeli hawezi kukaa. Jirani iko hapa, mzee wa teksi, yeye ataendesha. Ufunguo umeweka wapi?"

Nilitia mkono kwenye mkoba, nikafungua zipu. Ulikuwapo, umepoa kwa mvua.

"Ninao," nikasema.

Nilisikia nyuma ya mdogo wangu watu wakiongea wote pamoja, na chini ya sauti zao ile filimbi ya kifua cha mama ninayoijua. Ningefurahi kama angenitukana.

"Basi kuya, yaya," akasema. "Kuya mbio."

Yule mwendeshaji wangu wa matusi alikuwapo pale darajani, amejikinga na nailoni kichwani. Alipoona uso wangu hakutania. Nilimwambia Ruziba, mama yangu anakufa, akasema panda, na akapiga pedali mpaka nikausikia moyo wake mgongoni mwake. Kanyosha maji yalikuwa yamefunika barabara. Tukashuka, yeye anakokota baisikeli, mimi nimebana mkoba kwapani, tunakimbia ndani ya maji ya matope bila kujua shimo liko wapi. Nilianguka, nikainuka. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Magari hayakuwapo, moja tu lilitupita kutoka mbele, limejaa watu hadi buti limefunguka. Nililitukana lile gari na waliomo wote, na machozi yananitoka.

Tulipofika, ua ulikuwa umejaa watu na tochi za simu. Walikuwa wamevunja kioo cha mlango wa gari, wakamwingiza mama kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mdogo wangu. Yule mzee wa teksi alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani. Alikuwa amechomoa nyaya chini, zinaning'inia, lakini usukani ulijifunga na ufundi wake ukaishia hapo. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani kama mtu aliye safarini. Watu walinipisha. Mzee hakuniangalia, alinyoosha kiganja tu, nikaweka ufunguo ndani yake. Akarudisha nyaya mahali pake, akatia ufunguo, akazungusha.

Gari likawaka mara ya kwanza. Taa zikapiga ukuta wa jikoni, kuku wakashtuka, na mtu mmoja nyuma yangu akasema asante Yesu.

"Zima, papa," mdogo wangu akamwambia mzee kutoka kiti cha nyuma, taratibu. "Utamaliza esansi."

Ndipo nilipoelewa. Mkono wa mama ulikuwa umelala juu ya goti la mdogo wangu, na ile filimbi haikuwapo tena.

Wale waliokuja msibani walisema maneno yanayosemwa. Siku yake ilifika, Mungu amempenda. Niliwaitikia wote. Usiku nilikuwa nahesabia moyoni njia nyingine: kama ningelala kwa shangazi ningekuwa mbali zaidi, kama ningeenda kazini na gari esansi ingeisha kitambo, kama ufunguo ungebaki, labda wangeichota yote kidogo kidogo kwa huruma. Kila njia niliyoijaribu ilinirudisha pale pale darajani, mkono wangu ndani ya mkoba. Mdogo wangu hakuwahi kunilaumu, si siku ile, si baadaye. Nililia zaidi kwa sababu hiyo.

Tulimpeleka mama makaburini na gari lake, kioo kimezibwa na nailoni. Tuliporudi mshale wa esansi ulikuwa umeshuka kidogo tu. Baada ya matanga watu walianza tena kupita na chupa zao, kwa adabu zaidi kuliko zamani. Mjomba mmoja alisema tuiuze, kwa bei ya siku zile ingetulipia mengi. Nikamwambia ajaribu kuigusa aone.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilimwambia mdogo wangu apande. Nikaendesha mpaka ule uwanja mtupu karibu na ziwa ambapo maji yalikuwa yamerudi nyuma. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango wa dereva.

"Kaa hapa."

"Yaya, esansi..."

"Kaa."

Alilizimisha gari mara sijui ngapi. Alilia, nikamfokea, akalia zaidi, nikalia mimi pia, na tukaendelea hivyo hivyo, klachi, gia, pole pole, shika usukani usiuchezee. Tukazunguka uwanja ule na kuzunguka. Saa ya jua kushuka alikuwa anazunguka mwenyewe bila mimi kusema kitu, midomo imekazwa, macho mbele. Nilikuwa nauangalia mshale. Ulipolala chini kabisa nikamwambia zunguka tena, na akazunguka, mpaka gari likakohoa, likajikokota kidogo, likasimama.

"Sasa najua," akasema.

Tukashuka tukalisukuma hadi nyumbani, na yule mzee wa teksi alipotuona njiani akaja kusukuma pamoja nasi. Kesho yake asubuhi nilipiga msumari pembeni ya mlango, nikautundika ufunguo pale ambapo kila mtu atauona, nikaenda kazini kwa miguu.