Masufuria Hakupanda Tai

Kwa miaka mingi nimekana kwamba kila nilichowahi kuandika kuhusu wahusika wadogo nilikipata kwenye katuni. Chuoni niliwaambia walimu wangu kwamba nimekitoa vitabuni, nikataja vitabu vinene, nao wakaitikia kwa heshima, labda kwa sababu hawakuwa wamevisoma pia. Ukweli ni kwamba nilikipata utotoni, mtaani Nyakato, sebuleni kwa mwenye nyumba wetu, nimekaa kwenye sakafu ya saruji nyekundu, goti la mtu limenichoma mgongoni, na hewa yote imejaa harufu ya mashudu kutoka kiwanda cha mafuta ya pamba alikofanya kazi baba. Ni harufu nzito, tamu kidogo, kama ya uji ulioungua ukasahauliwa jikoni. Iliingia kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye sare za shule. Hadi leo nikiisikia nageuka kuangalia mlangoni, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Msimu ninaousema, mama hakuwepo nyumbani. Bibi, mama yake, alikuwa amefariki Ukerewe, na sote tulivuka kwa meli kwenda kuzika: baba, mama, kaka yangu Magesa, mimi, na shangazi Perusi, dada yake baba, ambaye hakuwahi kukosa msiba wa mtu. Kule msibani masufuria huazimwa kijiji kizima, makubwa kwa madogo, kila moja na alama ya mwenyewe kitakoni: msalaba wa rangi nyekundu, herufi iliyokwaruzwa kwa msumari, tone la rangi ya mtumbwi. Watu wakishatawanyika, lazima mtu mmoja abaki kuyasugua kwa majivu na kuyarudisha nyumba kwa nyumba, maana kurudisha sufuria la msiba likiwa na masizi ni kumtukana aliyekuazima. Mama alibaki. Asubuhi ya kuondoka niliwaona yeye na baba nyuma ya jiko, wanazungumza kwa zile sauti za chini ambazo watoto huzisikia vizuri kuliko kelele. Nilimuuliza atakuja lini. Akasema, "Nikimaliza masufuria." Meli ikaondoka. Mama alisimama kule gatini na mikono nyuma, na hakupunga.

Tukarudi Nyakato, na shangazi Perusi akashika jiko. Alikuwa mwanamke mwenye mapenzi makubwa na chumvi. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Baadaye nilianza kusikia mambo nikiwa uani naosha vyombo. "Masufuria gani hayo yasiyoisha?" shangazi alimwambia jirani mmoja, bila kujali kuwa nipo. "Ule ulikuwa msiba wa kijiji, si wa taifa." Jirani akauliza kama kuna neno. Shangazi akasema, "Mimi sisemi. Ila huyo, wifi yangu, mimi sisemi." Kwa jinsi alivyokuwa hasemi, hata mbuzi wa mtaani walijua kwamba mama harudi. Baba alikuja kutoka kazini, akala, akanywa maji mengi, akalala. Mimi nikawa siwezi kutulia. Darasani nilikalia mguu mmoja, kisha wa pili, kisha nikaomba ruhusa kwenda chooni na kuzunguka shule nzima.

Pa kukimbilia palikuwa kwa mwenye nyumba. Yeye alikuwa na televisheni na deki, na kijana wake Deo, aliyemaliza kidato cha nne akabaki nyumbani kusubiri mambo yakae sawa, alikuwa amepata kutoka kwa rafiki yake mikanda ya katuni moja ndefu tuliyoiita Ngome Saba. Ilikuwa na binti wa mfalme mwenye upanga unaowaka, mchawi mwenye ndevu za buluu, na joka lililoiba jua na kulificha kwenye ngome ya mwisho. Deo alisimama kando ya televisheni na kijiti cha fagio, akitutafsiria. Mchawi wake alianza kila hotuba na "Ndugu wananchi." Joka lake lilikuwa na lafudhi ya mwalimu mkuu wetu. Nilipofika sekondari ndipo nilipogundua kwamba lugha ile haikuwa Kiingereza wala jamaa yake, na kwamba Deo hakuwa anaelewa hata neno moja. Alikuwa anaangalia midomo na kutuhurumia.

Kulikuwa na sheria moja pale sebuleni, na haikuwa ya Deo, ilikuwa yetu. Mtu mpya akitokea kwenye picha, wa kwanza kusema "Huyo mimi" ndiye mwenyewe, kwenye katuni na kwenye michezo ya uani, mpaka mikanda iishe. Magesa alimchukua shujaa mkuu, stelingi, ambaye alikuwa binti wa mfalme, na mtu aliyecheka alipigwa ngumi moja ya kistelingi. Mchawi alichukuliwa. Joka lilichukuliwa na mtoto mdogo kuliko wote. Mimi siku hiyo nilichelewa kwa sababu ya vyombo vya shangazi, na nilipofika kila mtu alikuwa ana mtu wake. Wakanielekeza aliyebaki: mzee aliyebeba mizigo ya safari, mwembamba, mgongo umepinda, masufuria yamening'inia kila upande wa mwili wake kama matunda. Deo hakumpa hata sauti. Watoto walimwita Masufuria.

"Huyo si mimi," nilisema.

"Ndiye wewe," Magesa akasema. "Masufuria, beba maji, stelingi ana kiu."

Nilikataa jina lile kwa siku nyingi, na kadiri nilivyokataa ndivyo lilivyonikaa. Lakini sebuleni sikuweza kumwangalia mtu mwingine. Kila mkanda ulikwisha namna moja. Mashujaa wanakula kando ya moto, tai mkubwa anashuka, wanapanda mgongoni kwake na kuruka kwenda ngome inayofuata. Mzee anabaki. Anazima moto kwa mguu, anafuta masufuria kwa majani, anayafunga, anaanza kutembea. Hapo hapo picha inaondoka kumfuata tai. Mkanda unaofuata, mashujaa wanatua upande wa pili wa milima, bahari na jangwa, na moto umeshawashwa, na mzee amechutama anakoroga chungu. Hakuna anayemshangaa. Hakuna anayemwambia pole na safari.

"Deo, anafikaje?" niliuliza.

"Nani?"

"Masufuria."

"Anatembea. Angalia stelingi huko."

"Lakini wao wameruka bahari."

"Leti, kaa chini, unaziba watu."

Swali lile lilinila. Watoto wenzangu walikuwa na wasiwasi kama jua litapatikana, mimi nilikuwa sina shida na jua. Nilitaka mkanda mmoja tu ambao picha ingebaki chini na yule mzee, ikamfuata kwenye matope, nikaona daraja analopita. Nilikuwa nimefikia mahali pabaya pa mawazo, ambapo kama ningeijua njia ya Masufuria ningejua na ya mama. Hilo nalo sikumwambia mtu.

Siku moja ya kawaida sikwenda shule. Nilifuata barabara ya Musoma kuelekea mjini, na begi langu mgongoni ili nionekane nina sababu. Nilipita maduka ya vyuma chakavu, nikapita wauza mahindi ya kuchoma, nikauliza njia kwa wanawake tu. Ziwa nililisikia kabla ya kuliona, na upepo wake ulikuwa na harufu ya dagaa na mafuta ya injini. Meli ya Ukerewe ilikuwa imefika. Nilisimama karibu na geti na kuangalia kila kilichoshuka: magunia ya machungwa, kuku wamefungwa miguu, nyavu, baiskeli, mwanamke aliyebeba kabati peke yake. Kila kitenge kilichotokea mlangoni kilikuwa cha mama mpaka kilipogeuka. Watu walipokwisha, mabaharia wakaanza kuosha sakafu. Magesa alinikuta hapo. Shuleni walikuwa wamempa habari kwamba sipo, naye alijua mahali pa kunitafuta, jambo ambalo hatujawahi kulizungumzia.

"Twende," alisema. "Mama hajasema anakuja leo."

"Masufuria naye huwa hasemi."

Alichukua begi langu akalibeba yeye mpaka nyumbani.

Mama alifika siku ambayo sikuwa ninamsubiri. Nilirudi kutoka shule, na jikoni kulikuwa na moto, na yeye amechutama, kanga imefungwa kiunoni, anakoroga mboga. Alinitazama juu mpaka chini. "Mmekula mchana?" akauliza. Ni hilo tu. Shangazi Perusi alikuwa anafunga mizigo yake kwa kelele nyingi kuliko mizigo yenyewe. Baba alipoingia jioni alisimama mlangoni, akavua kofia, akakaa. Alikula kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Leo chumvi iko sawa." Hakuna aliyeuliza alipitia wapi, alibaki kwa nini, wala kwa nini wiki zote zile. Ngome Saba hatukuimaliza. Mwenye mikanda aliichukua, na jua, kwa habari nilizo nazo, liliendelea kuwa mikononi mwa joka.

Nikaenda kujenga elimu juu ya kiraka hiki. Nimeandika kwamba mhusika mdogo ana maana kwa sababu ndiye aliyeachwa. Shujaa anaruka, masimulizi yanamfuata shujaa, na kinachobaki chini ni mtu mwenye vyombo vichafu ambaye dunia imemgeuzia mgongo. Nililiita wazo hilo kwa jina refu ambalo silikumbuki bila kufungua kabrasha. Wanafunzi niliowafundisha chuoni Nyegezi waliniandikia insha juu yake, nami nikawapa alama nzuri, maana nani asiyependa kuambiwa maneno yake. Na nyuma ya kila sentensi alikuwapo mama, amesimama gatini, baba amemwacha. Magesa, ambaye siku hizi ana duka la vipuri Nyamagana na tumbo ambalo tai yeyote angelikataa, hakukubaliana nami kamwe. Kila Krismasi tuligombana jambo hilo hilo. Yeye alisema mama alikuwa anarudisha masufuria, basi, na kwamba mimi nimesoma mpaka siwezi kuona sufuria nikaliita sufuria. Mimi nilisema baba alimwacha na sote tulisaidia kuficha. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo nilikuwa jasiri sana.

Mwaka huu binti yangu aliipata Ngome Saba kwenye simu yake, yote, pamoja na mwisho. Tulikaa kitandani, kichwa chake begani kwangu, televisheni ile ya Deo imekuwa kitu cha kutosha kiganjani. Nilimwonya kwamba kuna mzee mmoja wa muhimu sana. Tukaangalia. Mzee alikuwa anapita kwenye picha kwa muda wa kupiga chafya. Nilisema rudisha, akarudisha, na hapo nikashangaa jinsi mambo yalivyo rahisi sasa, maana sisi tukirudisha mkanda sana deki iliutafuna. Katika nakala hii mchawi hatoi hotuba hata moja. Jua linapatikana, na binti wa mfalme analia. Mwisho majina yakapita ya kila aliyetoa sauti, na binti yangu, ambaye ni mkatili kama watoto wote wenye macho mazuri, akasema, "Mama, huyu wako hata hajaandikwa." Kisha akarudisha tena bila kuombwa, akasimamisha picha pale tai anapokunjua mabawa. "Ila angalia," akasema. "Tai anamwinamia na yeye. Anamsubiri."

Nilimwambia akalale. Mimi sikulala vizuri. Asubuhi nilizunguka nyumba, nikapanga vikombe vilivyopangika, nikaenda hadi dukani nikasahau nilichofuata. Ilipofika saa ambayo najua mama ameshamaliza kulisha kuku wake, huko Ukerewe alikorudi kuishi baada ya baba kufariki, nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Leti. Unaumwa?"

"Hapana. Nataka kukuuliza jambo la zamani. Ule msiba wa bibi. Masufuria yaliisha lini?"

Nilisikia kuku, na redio ya jirani, na yeye anavuta kigoda.

"Masufuria?" akasema. "Yaliisha kesho yake. Kijiji kile kilikuwa na masufuria mangapi, kwani?"

"Sasa zile wiki zote?"

"Nilikuwa nalala."

"Unalala?"

"Nalala mwanangu. Kwenye kitanda cha mama yangu, mpaka jua linaingia miguuni. Hakuna anayeniita. Nikiamka naenda ziwani naoga, naota jua kwenye jiwe, narudi nalala. Tangu niolewe nilikuwa sijalala."

Nikamuuliza lile nililolibeba mpaka chuoni na kurudi. "Baba hakukuacha?"

"Aniache wapi?" Sauti yake ilipanda kidogo, kama ya mtu aliyesingiziwa wizi wa kuku. "Alinishika mkono nipande. Aliniomba mbele ya mabaharia, baba yako, na unajua alivyokuwa na aibu. Nikautoa mkono. Ndiyo maana niliuweka nyuma, asiushike tena."

"Ungerudi?"

"Sikuwa najua. Meli ikija nasema labda hii. Ikiondoka nasema ile nyingine." Akamfukuza kuku. "Nyinyi mlikuwa na shangazi yenu, msingekufa."

"Kilichokurudisha ni nini?"

"Siku moja niliamka mapema mwenyewe, giza bado, bila kuitwa na mtu. Nikaona mwili unataka kazi. Nikafunga kanga nikapanda meli. Mbona unauliza sana, unaandika?"

Nikakubali kwamba naandika.

"Andika," alisema mama. "Ila usiniandike nimeachwa, watu wa huku wanasoma. Andika nilibaki."