Sentensi Nne za Kuinama

Mimi sikusoma. Kiswahili nilikipata sokoni Garissa nikiuzia watu wa bara maziwa ya ngamia, na kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la akina mama. Kwa hiyo msinitafutie maneno mazuri. Nitasema yaliyotokea.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, hulala kwangu kila Alhamisi. Alhamisi moja alikuja na daftari la Kiingereza. Mwalimu alikuwa amewapa maneno manne ya kitu kisichosimama wima, kila neno walitungie sentensi.

"Maneno manne ya kuinama?" nikamwuliza. "Hao Wazungu wana shida gani ya miguu?"

Akacheka. "Hayafanani, ayeeyo. 'Lean' ni kuegemea, umeweka uzito wako kwenye kitu. Au kitu chenyewe kimelalia upande. 'Tilt' ni kuinamisha kidogo, kama kikombe, halafu waweza kukirudisha. 'Slant' ni kwenda mshazari, kama mwandiko wako."

"Na la nne?"

"'Slope'. Hiyo ni ya ardhi. Mteremko."

Sikubisha. Sisi wenyewe ngamia mmoja tuna majina yake hayahesabiki. "Haya, ayeeyo, nisomee," nikamwambia, maana kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye.

Alisoma kwa Kiingereza, kisha akanifasiria, kidole kikifuata mstari.

"Mama huegemea ukuta baba akimaliza."

"Akimaliza nini?"

Kidole kikashuka. Akasoma ya pili. "Mama huinamisha kichwa ili damu ya pua isidondokee unga." Ya tatu: "Alama ya mkanda imekata mgongo wa mama mshazari." Ya nne: "Baba alimburuta mama kwa nywele mpaka kwenye mteremko wa lagha." Lagha ni ule mto mkavu nyuma ya mtaa wao, una mawe.

Nikachukua daftari. Kando ya kila sentensi palikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu, na chini mwalimu ameandika kitu.

"Anasema nini?"

"Anasema vizuri sana, endelea hivyo."

Niseme na langu. Binti yangu alipokuja kwangu amevimba, aliniambia ngamia alimpiga teke. Mimi niliyelelewa kati ya ngamia nikakubali. Teke la ngamia huvunja mfupa, haliachi vidole vinne shavuni. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilipigwa, na mama yangu alinyamaza.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Harusini, mama na shangazi za biharusi ndio hupinda vijiti, hufuma mikeka, hufunga kamba za herio, nyumba yetu ya kuhamishika. Mwanamume hupewa mahali pa kulala tu. Nilimjengea binti yangu hivyo hivyo, pembezoni mwa mji, ingawa mumewe alinung'unika kwamba anataka mabati. Na mwanamke alichokifunga aweza kukifungua. Nilipokuwa msichana upande wa Buna niliwaona wake waliopigwa wakifanya hivyo. Jua likipanda, mume ameketi mchangani, juu yake mbingu tu. Tulipohamia kwenye nyumba za mawe desturi hiyo tukaiacha nyuma.

Asubuhi yake nilichukua dada yangu, mawifi watatu na mkokoteni wa punda. Tuliikuta herio imelala upande mmoja. Mume alikuwa amemtupa mkewe ukutani, vijiti vitatu vimevunjika. Binti yangu alikuwa ndani, mkono wa kushoto umening'inia, akimchemshia chai mtu huyo huyo.

"Toka, hooyo. Tunaifungua nyumba." Hooyo ni mama, na mama na mtoto nao huitana hivyo hivyo.

"Hooyo, usinifedheheshe. Ataniua."

"Atakuua ukibaki. Ukitoka, itabidi kwanza akufuate."

Hakutoka. Alikumbatia nguzo ya kati kwa mkono mzima. Wenzangu wakaanza kushusha mikeka ya nje, na mumewe akatokea chooni akifunga kikoi. Mkwe haruhusiwi kunikazia macho. Huyu alinikazia.

"Wewe mwanamke, ondoka kwenye nyumba yangu."

"Kijiti gani ulikata wewe? Nionyeshe kimoja."

"Wallahi hata kamba hajui," dada yangu akasema, "ila ya kikoi, na hiyo nayo inamponyoka!"

Wanawake walicheka, na kicheko kile kilimchoma. Akachukua fimbo yake ya ngamia, akanipiga begani. Ya pili ilinipata juu ya sikio. Nikapiga magoti, damu ikaniingia jichoni.

Nikasikia kisu kikikata kamba. Binti yangu alikata mwenyewe. Nguzo ya kati ikang'oka, nyumba ikaporomoka nyuma yake, naye akatoka mikekani na nguzo ile mkononi. Alimpiga nayo magotini. Alipoanguka alimpiga mkono ulioshika fimbo, na mfupa ulilia kama kuni kavu. Dada yangu na mawifi wakaingia na vigongo vyao vya kuvutia miiba. Walimpiga, sitaficha. Walimpiga mpaka akawa anaita mama yake, na mimi ndiye niliyesema basi.

Tukapakia vijiti na mikeka, tukaondoka.

Jumatatu nilipeleka daftari shuleni. Nikamwuliza mwalimu kama alizisoma zile sentensi. Akasema alikuwa anasahihisha Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza kilikuwa sahihi.

Wazee wa upande wa mume walikuja wiki hiyo hiyo. Walikunywa chai yangu, wakasema mwanamke arudi na nyumba irudi, aibu ifunikwe. Nilifungua mdomo kujibu. Binti yangu akanitangulia, mkono umefungwa kitambaa.

"Mwambieni ajenge yake. Akimaliza aniite, nije niitazame kwa mbali."

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Hawajarudi.

Herio iko uani kwangu sasa. Imelalia upande wa jikoni, kwa sababu binti yangu aliifunga kwa mkono mmoja na akakataa katakata kusaidiwa. Mjukuu aliniambia ni neno lipi kati ya yale manne, nami nimelisahau. Mvua mbili zimeipita, haijaanguka.