Tenu Niliyoficha mu Bikwembe ya Mama

Serikali ilimwandikia bwana yangu barua: muguu wako ulivunjikia mu shimo ya cobalt.

Bwana yangu hajaingia mu shimo hata siku moja. Alikuwa soda, askari wa serikali.

Na mi, Valérie, bibi yake, nilijua ni nani aliandikisha ule uongo. Nilijua miaka kenda. Nilinyamaza.

Ngojeni kwanza, mutanitukana mwisho.

Bwana yangu anaitwa Kabemba. Mutu wa kujiheshimu mpaka anachosha. Shati lazima ipigwe pasi, kiatu lazima ing'ae, hata kama anaenda paka ku kiosque kununua chumvi. Anatembea na fimbo ya kwapa, juu muguu wa kuume ulipona lakini ulibakia mufupi.

Batoto ya Dilala, kwetu Kolwezi, banamuchekelea kama mutu wa kuchimba madini: "Tata creuseur, shimo ilikukula?"

Ile siku hakule.

Mwaka huu alipeleka dosye ya ulemavu ku komisyo ya basoda ba zamani. Jibu ikarudi: imekataliwa. Nyuma yake balishona kopi ya rejista ya opitali: Kabemba, creuseur, aliangukiwa na udongo.

"Creuseur! Mi!" Alipiga meza, sukari ikamwangika. "Nilivunjikia mu kazi ya serikali! Na bananiandika mu shimo!"

Musidhani alikuwa analilia pension. Pension ikikuja, tutakula, asanti Mungu. Ile ilikuwa inamuuma ni jina yake.

"Ni Banza," akasema. "Ni ye tu. Aliniandikisha creuseur, akaiba karatasi yangu ya misheni, ile ya kunituma kazini, na ule mwaka bakamuongeza cheo. Unaona?"

Banza alikuwa rafiki yake wa kambi moja. Ni ye njo alimuleta ku opitali siku ya ajali. Kisha ile, alikuja kwetu mara mbili, na kuku mu mukono. Mara mbili Kabemba, mwenye alimushuku juu ya ile karatasi, alimuacha inje, mu jua, hata kiti hakumupa. Mi nilikuwa mu jiko, napika sombe. Nilimusikia anakohoa inje. Sikutoka.

Mwezi wa sita Banza alikufa, kule Fungurume. Nikamuita bwana yangu na jina ya binti yetu: "Tata Myriam, tuende ku kilio?"

"Kilio ya nani? Ya mwizi?"

Hatukuenda.

Sasa barua ilisema tuko na siku makumi tatu ya kukata rufaa. Tulete karatasi ya misheni, ao shahidi mwenye aliona.

Shahidi alikuwa udongoni.

"Nitaapa," bwana yangu akasema. "Mungu anajua."

Mungu alijua, kweli. Na mi pia.

Sikieni sasa aibu yangu.

Ile siku, miaka kenda inapita, kamyo ya basoda ilipinduka mu matope, barabara ya Mutshatsha. Kabemba alikuwa juu. Banza akamufunga na mukaba ku kiti ya moto, ni kusema pikipiki, akamuleta mpaka Kolwezi, anapiga telefone: Mama Myriam, kuya mbiyo.

Nilifika ku mulango ya opitali. Bwana yangu alikuwa amezimia, damu mu kiatu.

"Kosyo kwanza, feza ya kuanzia," banatuambia. "Bila kosyo, munganga hashike mutu."

Tulipiga telefone ku kambi. Kambi ikasema: tutalipa kesho.

Saa ileile, moto zikaanza kuingia, kumi, kumi na tano. Shimo moja ilikuwa imeanguka. Bakreuseur balikuwa banabebwa, matope mpaka mu macho. Na mukubwa wa koperative yabo akasimama pale, akapaza sauti: "Banangu bote, mubaingize! Koperative italipa!"

Hakuna mutu aliomba karatasi. Bote bako na matope? Ingiza.

Nilimuangalia bwana yangu. Nikaangalia robinet ku ukuta, na udongo nyekundu chini yake.

"Banza, tumupeleke kule."

Nilinunua wembe ku kiosque. Nilipasua patalo ya tenu yake, ile nguo ya kisoda, nikamuvua na shati. Nikamupaka udongo, kifua, uso, mpaka mu nywele.

Banza alinishika: "Mama, huyu ni soda. Ukimuvua tenu, unamuvua na jina yake."

"Jina atapata kesho," nikamujibu. "Muguu unaoza leo."

Kisha nikamuapisha. Apa ku Mungu hautamwambia mutu, hata ye mwenyewe. Nilijua Kabemba: heri angekufa soda kuliko apone creuseur.

Banza akaapa.

Bwana yangu alipoamuka, nikamwambia tenu ilichomwa ku opitali. Kumbe niliiweka mu sanduku ya chuma, katikati ya bikwembe, bitenge ya marehemu mama yangu. Kwetu, mukwe hashike bintu ya mama-mukwe wake, hata akishakufa. Ni buko, ni heshima ya ukwe. Hata nyumba ingeungua, Kabemba hangefungua ile sanduku.

Na kila mwaka akililia karatasi yake ya misheni, mi nilijua mahali inaweza kuwa. Sikutia mukono mu mufuko wa ile shati. Niliogopa kuikuta.

Siku ya komisyo ikafika. Bakubwa batatu nyuma ya meza. Kabemba akasimama, shati nyeupe, akaapa na mukono juu.

Mukubwa akatosha miwani. "Tata, kiapo hakiingie mu dosye. Shahidi iko wapi?"

"Alikufa, chef."

"Basi, tata, pole." Akafunga dosye.

Nikasimama.

"Chef, shahidi iko."

"Nani?"

"Ni mi."

"Mama Myriam, kaa chini," bwana yangu akasema.

Sikukaa. Nikaweka mufuko wa plastiki juu ya meza, nikatosha tenu. Damu ilikuwa imekuwa nyeusi.

"Mwenye alimuandikisha creuseur ni mi."

Nikaeleza yote, robinet, wembe, udongo. Kabemba hakuniangalia. Aliangalia shati. Akashika kifungo moja, ile nilishona na uzi nyeusi juu ya kijani ilikuwa imeisha.

"Mufungue mufuko wa kifua," akasema polepole.

Mukubwa akaufungua. Karatasi ilikuwa imeshikana na damu. Lakini tampo, ule muhuri, ilisomeka, na tarehe, na jina: sergent Kabemba, misheni ya Mutshatsha.

Ilikuwa mu nyumba yetu miaka kenda, metre mbili na kitanda yake.

Nilingoja anipige. Angenipiga, ningeshukuru. Aliuliza paka neno moja tu:

"Na Banza?"

"Alijua."

"Miaka kenda?"

"Nilimuapisha."

Akakaa chini, taratibu, kama muzee.

Kisha miezi mbili jibu ikakuja: imekubaliwa, aliumia mu kazi ya serikali. Akaisoma mara tatu. Batoto ba njiani hakuwaonyesha. Na mi, tangu ile siku ya komisyo, ananiita Valérie. Chakula anakula, asanti anasema. Lakini "Mama Myriam" iliisha mu kinywa yake.

Siku ya yenga, Jumapili, akasema: "Vaa. Tunaenda Fungurume."

Fidélie, mujane wa Banza, alitukuta ku mulango. Bwana yangu alikuwa na ile barua mu mukono, akamunyooshea.

Fidélie hakuuliza kintu. Aliingia ndani, akatoka na kiti.

"Kaa, tata. Banza alituachia neno: siku Kabemba akifika hapa, musimuulize. Mumupe kiti."

Bwana yangu akakaa, akalia. Muguu wake hakuulilia, mama yake alipokufa alimulilia kidogo. Banza alimulilia mpaka shati ya pasi ikalowana yote.

Mi hakuna mutu aliniletea kiti. Nilibakia nimesimama mu jua, na ilikuwa haki.

Banasema njia ya muongo ni mufupi. Ya kwangu ilikuwa ya miaka kenda, na nilitembea bila kuchoka, juu muzigo alikuwa anaubeba mutu mwingine.

We mwenye kusoma, kama kuko mutu anabeba uongo wako, wende umutue angali muzima.